Pini ya Kuflashi, na Nani Huamua Kitu Kimepitwa na Wakati

Kila mtu aliyekulia hapa Kenya anajua kuflashi. Simu inalia mara moja, inakatika, na wewe unaelewa papo hapo: huyu hana kredo, anataka umpigie. Hakuna neno lililosemwa, hakuna shilingi iliyotoka, lakini ujumbe umefika.

Sasa wacha nikuonyeshe kitu. Nyuma ya zile kompyuta nzito za saiba, zile za rangi ya uji uliopoa, kuna tundu lenye pini tisa ndogo zilizopangwa safu mbili, tano juu na nne chini. Pini ya tisa inaitwa RI. Kazi yake ni moja tu. Modemu ikipigiwa simu, RI inashtua kompyuta kwamba kuna mtu anapiga, hata kabla laini haijashikwa. Ni pini ya kuflashi, wasee. Na ilikuwa tayari kwenye michoro ya mainjinia wa Marekani mwaka 1969, wakati wengi wa babu zetu hapa Meru walikuwa hawajawahi kushika simu ya aina yoyote.

Hiyo pini na wenzake wanafutwa polepole. Simaanishi chuma chenyewe, chuma hakina adui. Kinachofutwa ni mistari ndani ya draiva, ile programu ndogo inayokaa katikati ya kompyuta na kifaa na kutafsiri. Kila mwaka kuna mahali mtu anafungua draiva ya tundu hili, anakuta mistari inayohudumia pini ambayo haoni anayeitumia, anaifuta na kuendelea na maisha. Kwa macho ya haraka ni usafi tu. Mimi nadhani ni swali la historia, na linatugusa watu wa Meru na Embu kuliko tunavyodhani. Najua mlizoea nikiandika kuhusu barabara, bei ya miraa na siasa za kaunti. Leo ni pini. Vumilia kidogo.

Twende mwanzo. Kiwango kinachoongoza tundu hili kinaitwa RS-232, na kilitolewa Marekani mwaka 1960. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa na kompyuta nyumbani. Shida ilikuwa kuunganisha mashine kubwa na modemu, na modemu na laini ya simu, bila kila kampuni kujitungia plagi yake. Wakakubaliana: hivi ndivyo data itakavyopita, biti moja nyuma ya nyingine kama watu kwenye foleni ya matatu, na hizi ndizo pini za kuongoza foleni. Plagi iliyozoeleka ilikuwa na pini 25.

Mbili tu kati ya hizo ndizo zilizobeba maneno yenyewe katika matumizi ya kawaida, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Nyingine nyingi zilikuwa za adabu. DTR: kompyuta inasema "niko tayari". DSR: modemu inajibu "hata mimi". RTS: "naomba kutuma". CTS: "haya, tuma". DCD: "nasikia mwenzetu wa upande wa pili". RI: "unapigiwa". Ukifikiria vizuri ni salamu za Kiafrika kabisa. Huwezi kuingia boma la mtu na kuanza kuongea biashara kabla hujapiga hodi, ukakaribishwa, ukaulizwa habari za watoto na mvua.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilibaki na tundu la pini 25. Mwaka 1984, kwenye mashine yao ya AT, wakakata mpaka tisa. Pini 16 zikaenda, na hakuna mtu aliyelia. Nasema hivi mapema ili usifikiri mimi ni wale wa kulilia kila kitu cha zamani. Baadhi ya zile 16 zilikuwa za njia ya pili ya mawasiliano, nyingine za kulinganisha saa kati ya mashine mbili, na mtu wa kawaida na modemu yake hakuwahi kuzigusa.

Hapa Kenya pini tisa zilikuja na kazi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya intaneti kuuzwa nchini, kulikuwa na shirika la mazingira Nairobi linaloitwa ELCI lililokuwa likipitisha barua pepe kwa mtandao wa FidoNet. Barua zilikusanywa kwanza, kisha modemu ikapiga simu nje na kuzituma zote kwa mpigo, nyingi zikipitia GreenNet ya London. Yaani barua pepe ilikuwa ikisafiri kama gari la posta: inangoja ijae ndipo iondoke. Kufikia 1995 kampuni za kwanza zilikuwa zimeanza kuuza intaneti, mojawapo ikiwa Africa Online, iliyoanzishwa na vijana Wakenya waliokuwa wamesomea Marekani. Laini zote za simu zilikuwa mkononi mwa shirika moja, KPTC, mpaka lilipogawanywa mwaka 1999.

Sasa jiweke Meru mwaka ule. Kampuni ya intaneti iko Nairobi. Modemu yako ikipiga, hiyo si simu ya mtaani, ni simu ya masafa, na kila dakika ina bei yake. Ukiwa Embu uko karibu kidogo lakini hesabu ni ile ile. Laini ikikatika katikati ya kupakua barua, umelipa bure. Hapo ndipo zile pini za adabu zilipokuwa pesa taslimu. DCD ikizima, kompyuta inajua mwenzake amepotea na inaacha kusubiri. DTR ikishushwa, modemu inakata simu mara moja badala ya kuendelea kula dakika. Ukitaka kujua pini hizi zilikuwa na maana gani, usiulize injinia, muulize mtu aliyelipa bili ya simu ya masafa.

Halafu dunia ikageuka haraka. USB ilikuja 1996. Mwaka 1998 Apple ilitoa iMac ya kwanza bila tundu la siriali la zamani kabisa. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa, na modemu ya kupiga simu ikawa hadithi. Na hata ile modemu ya plastiki tuliyochomeka kwenye laptopu miaka hiyo, ile ya kutilia laini ya simu, bado ilijitambulisha kwa kompyuta kama tundu la siriali. Ukichungulia ndani ya mipangilio ungeona COM5 au COM7. Na amri zilizopita humo zilianza na herufi AT, lugha iliyoletwa na modemu ya Hayes mwaka 1981. Kwa hiyo kijana aliyepakua wimbo wake wa kwanza Makutano mwaka 2010 alikuwa akitumia lugha ya modemu ya 1981 kupitia tundu ambalo halikuwepo. Hakujua, na hakukuwa na sababu ya kujua.

Tundu lenyewe nalo liliendelea kupungua. Kwenye bodi nyingi ndogo za leo kuna waya tatu pekee: tuma, pokea, na ardhi. Zile pini za salamu hazijaunganishwa popote. Lakini programu za zamani bado zinauliza: je, mwenzetu yupo? Je, naweza kutuma? Kwa hiyo draiva nyingi za Linux zinafanya kitu ambacho mimi hunichekesha. Zinadanganya. Zikiulizwa kuhusu CTS, DSR na DCD, zinajibu "ndiyo, ndiyo, ndiyo", ilhali hakuna waya hata mmoja. Ni kama mlinzi anayekwambia mkubwa yuko ofisini ilhali ofisi yenyewe haijajengwa.

Basi ufutaji unafanyikaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko mambo yaliko.

Linux ndiyo iliyo ndani ya simu yako ya Android, ndani ya ruta ya nyumbani, na ndani ya seva zinazokuletea video hizi unazotazama badala ya kusoma. Kwa miaka mingi kila bodi ndogo ya ARM iliyotaka kutumia Linux iliingiziwa faili lake, na ndani ya faili hilo kulikuwa na namba za pini: RTS ya bodi hii iko pini fulani, ya bodi ile iko pini nyingine. Mafaili yakajaa. Mwaka 2011 Linus Torvalds mwenyewe alilalamika hadharani kwamba upande wa ARM umekuwa vurugu. Baada ya hapo wakabadilisha mfumo. Maelezo ya bodi yakahamishiwa kwenye faili la pembeni ambalo draiva inalisoma kompyuta ikiwaka, ili draiva moja itumikie bodi mia bila kujua jina la hata moja.

Zile bodi za zamani ambazo hakuna aliyezihamisha zikabaki zikining'inia. Kwenye toleo la 6.3, lililotoka Aprili 2023, nyingi ziling'olewa kwa mkupuo. Na bodi ikitoka, mistari ya draiva iliyokuwa ikiihudumia yenyewe tu inabaki kama mlinzi wa kampuni iliyofungwa. Anakuja mtu, anaona hakuna anayeiita, anaifagia. Hivyo ndivyo pini zinavyokufa. Hakuna anayeamka asubuhi akiichukia RI. Ni kwamba wa mwisho aliyejulikana kuitumia ameondolewa, na sasa pini haina shahidi.

Na wana haki. Kodi isiyotumika (kodi ya programu, si ile ya KRA) haikai kimya. Inaoza. Kila ukibadilisha kitu kikubwa lazima uiguse, na huwezi kuijaribu kwa sababu huna kifaa. Mende wa usalama hupenda kujificha kwenye vyumba ambavyo hakuna mtu hulala. Linux ilipoacha kuhudumia chipu ya 386, kwenye toleo la 3.8 la Februari 2013, ilikuwa ikiitupa aina ile ile ya kompyuta ambayo Torvalds aliianzia Linux mwaka 1991. Kama yeye aliweza kuaga ya kwake, mimi ni nani wa kulilia pini?

Ninacholia nacho ni jinsi hesabu inavyofanywa. Kabla ya kufuta, mtu anatangaza kwenye barua pepe za wazi za mradi: naona hiki hakitumiki, kuna mtu anakihitaji? Wanangoja. Kimya. Kimya kinahesabiwa kuwa jibu. Na sasa niambie wewe: ni fundi gani wa Makutano, ni mwanafunzi gani wa Embu, ambaye amewahi kusoma hizo barua? Zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, zinapita kwa mamia kila siku, na mtu anayezijibu kawaida ni mtu ambaye mwajiri wake anamlipa azijibu. Sisi hatuko kwenye hesabu. Tuko kwenye matumizi.

Nina fundi mmoja hapa Meru ninayependa kumtembelea, kibanda chake ni upana wa milango miwili. Ana droo nzima ya kebo za pini tisa. Siku moja nikamuuliza kama mtoto wa mjini, "Fundi, hizi si zilikufa?"

Akanitazama juu ya miwani. "Zilikufa wapi, kijana? Hiyo imenilipia nyumba mwezi huu."

Mizani za kielektroniki za maduka ya nafaka zinarekebishwa kupitia tundu hilo. Printa ndogo za risiti zinalo. Ruta na swichi kubwa za ofisini ukitaka kuziamsha kutoka usingizi wa kifo, unachomeka ile kebo ya samawati na unaongea nayo kwa siriali. Wale mnaosomea mitandao pale Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, mnaijua hiyo kebo. Wenzenu wa Chuo Kikuu cha Embu pia. Ongeza zile kompyuta kuukuu za eks-UK zinazouzwa mjini, na zile ambazo Computers for Schools Kenya imekuwa ikizikarabati kwa ajili ya shule tangu 2002. Kitu kinachoitwa kizamani London kinaanza maisha yake ya pili hapa, na kwa bei ambayo mwalimu mkuu anaweza kuifikia.

Lakini hoja hiyo ya mitumba ni nyepesi, na kusema kweli haitoshi. Mtu anaweza kunijibu, "Sawa, mtumba nao utaisha, subirini tu." Hoja nzito iko kwingine. Pini inaweza kupoteza kazi yake ya kwanza na kupata ya pili ambayo waliobuni hawakuwahi kuiota.

Chukua DTR, ile ya "niko tayari". Modemu ilipokufa, DTR ilipaswa kuzikwa naye. Badala yake, wale watu wa Arduino, mradi ulioanza Italia mwaka 2005, waliichukua mwaka 2007 na kuifanya kidole cha kubonyeza kitufe. Ukituma programu mpya kwenye bodi, kompyuta inashusha DTR, bodi inajiwasha upya, inapokea programu. Kabla ya hapo ilibidi ubonyeze kitufe kwa mkono, kwa wakati barabara, na ukichelewa nusu sekunde unaanza tena.

Halafu ikaja ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, chipu za Espressif ya Shanghai, na bodi zake zikatumia pini mbili za salamu kwa pamoja. DTR na RTS zinapita kwenye transista mbili ndogo. Moja inawasha upya chipu, nyingine inaiambia iamke ikiwa tayari kupokea programu. Wewe unayesoma haya ukiwa hosteli na bodi yako ya ESP32 uliyoagiza kutoka Luthuli Avenue ikaletwa na basi usiku: unapobonyeza "pakia" na ikafanya kazi yenyewe, hizo ni salamu za modemu zikifanya kazi ambayo mwenyewe aliacha bila wosia. Siku draiva ikiacha kuzisikiliza kwa sababu "hakuna tena modemu", bodi yako haitakufa. Itakurudisha tu kwenye kubonyeza vitufe viwili kwa mkono, na mwenye zoezi la kesho asubuhi atalia usiku mzima bila kujua kosa liko wapi.

Hata DCD ina maisha ya pili. Vipokezi vya GPS vya kupima muda hutuma mpigo mmoja kila sekunde, na watu wengi waliunganisha mpigo huo kwenye pini ya DCD, kwa sababu kompyuta huishtukia haraka. Linux inajua kuusoma. Pini iliyokuwa ikisema "nasikia mwenzetu" sasa inasema "sekunde imepiga sasa hivi", na kompyuta inarekebisha saa yake kwa hiyo.

Na RI, pini yetu ya kuflashi? Binamu yangu wa Mbeere, upande wa Embu ambako maji ni habari ya kila siku, alijitengenezea kidude cha kumwambia tangi la nyumbani limefika wapi. Ni ESP32, kipimo cha maji, betri, na ile moduli ndogo ya simu ya SIM800L. Shida yake ilikuwa betri. Bodi ikikaa macho usiku kucha kusubiri ujumbe, asubuhi imekwisha. Suluhisho: bodi ilale, na moduli iiamshe. Kwa waya gani? RI. SMS ikiingia, moduli inashusha pini hiyo kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, na bodi inafungua macho. Mama yake akitaka kujua maji, anatuma ujumbe, kidude kinaflashiwa, kinaamka, kinajibu, kinalala.

Mwongozo wa moduli haukumwambia kwamba hiyo ni pini ya miaka ya 1960. Haikuhitajika. Na hapa nikiri, kwenye kidude chake hakuna Linux, ni waya mpaka waya, kwa hiyo hakuna wa kumfutia. Lakini akiichomeka moduli hiyo hiyo kwenye kompyuta, RI inategemea draiva kuitambua. Na yeye hayuko kwenye orodha yoyote ya watumiaji duniani.

Kuna watu watasema, "Wewe unatunga hofu, hakuna aliyewahi kuumizwa na draiva." Kuna kesi zinazojulikana. Chipu ya PL2303 ya kampuni ya Prolific ilikuwa ndani ya kebo nyingi sana za kubadilisha USB kuwa siriali, na ilinakiliwa ovyo sokoni. Kampuni ikaja na draiva mpya za Windows zisizokubali chipu za zamani: ukichomeka, jina la kifaa lenyewe linageuka kuwa tangazo kwamba toleo hilo lilisitishwa tangu 2012, muone aliyekuuzia. Oktoba 2014 ikawa zamu ya FTDI. Draiva yao iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows iliandika sifuri kwenye utambulisho wa chipu bandia, na kebo ikawa haitambuliki tena. Kulikuwa na kelele kubwa, na draiva hiyo ikaondolewa kwenye masasisho.

Najua, bandia ni bandia, na kampuni ina haki ya kulinda chipu yake. Lakini mnunuzi wa mwisho hakuona chipu. Aliona kebo ya shilingi mia kadhaa kwenye kibanda. Hakuna anayekuja Gakoromone na darubini.

Sasa weka hiyo kando ya jambo lingine. Mwaka 2020 draiva ya ch341 ndani ya Linux, inayohudumia zile chipu za bei nafuu za CH340 zilizojaa kwenye bodi zetu, ilikuwa na tatizo: baadhi ya chipu hazikujua kutuma ishara inayoitwa break. Hazikufukuzwa. Mtu aliyekuwa nazo mezani alizipima, akaonyesha zinavyofanya, na draiva ikafundishwa kuigiza ile ishara kwa njia ya mzunguko. Chipu nafuu, dosari ya wazi, na bado ikatafutiwa nafasi. Tofauti kati ya kesi hizi mbili haiko kwenye ubora wa chipu. Iko kwenye kama kulikuwa na mtu mwenye kifaa mkononi aliyeinua sauti mahali panaposikika.

Wenye maduka wa hapa wanaijua hadithi hii kwa jina lingine. Mwaka 2005 serikali ilileta mashine za ETR za risiti za VAT, na wafanyabiashara walilalamika kuhusu gharama, lakini wakanunua. Miaka 16 baadaye, 2021, ukaanza mfumo wa TIMS uliotaka mashine mpya zinazotuma ankara moja kwa moja. Kisha 2023 ikaja eTIMS, ambayo unaweza kuitumia hata kwa simu. Kila hatua ina maana yake, na hiyo ya mwisho kwa kweli ilikuwa nafuu kwa mwenye duka dogo. Lakini pita Meru mjini uchungulie chini ya kaunta. Utaona mashine iliyonunuliwa kwa maelfu ikishikilia mlango usifungwe na upepo, na kebo yake ya siriali bado imeviringwa kando. Aliyeamua kwamba imepitwa na wakati siye aliyeilipia.

Msimamo wangu basi? Futeni. Kweli. Draiva iliyojaa mizimu haimsaidii mtu. Lakini kabla ya kusema "hakuna anayeitumia", semeni kilicho kweli: hakuna anayeitumia kati ya wale tunaowajua. Na sisi nasi tuache kuwa kimya cha kuhesabiwa. Vyuo viwili hapa, Nchiru na Embu, vina maabara zilizojaa hizo bodi. Darasa moja likiweza kuchomeka kebo ishirini tofauti za mtaani, kuandika zipi zinashika DTR, zipi RTS, zipi RI, kwa toleo gani la Linux, na kuituma hiyo orodha kwa wanaotunza draiva za USB, hilo ni jambo ambalo watunzaji hao hawawezi kulipata kwingine, kwa sababu hawana Makutano yao. Haihitaji ruhusa ya mtu. Inahitaji mchana mmoja na droo ya fundi.

Na kwa wale mnaofikiri salamu hizi ziko karibu kuzikwa kabisa, angalieni ESP32-C3 na ESP32-S3, zinazouzwa sasa mjini. USB imejengwa ndani ya chipu yenyewe. Kwenye bodi zinazotegemea USB hiyo pekee, hakuna chipu ya kutafsiri katikati, hakuna tundu la pini tisa, hakuna waya wa DTR wala wa RTS mahali popote. Ukibonyeza "pakia", kompyuta bado inapandisha na kushusha DTR na RTS, ikiongea na pini ambazo hazipo. Na chipu inasikiliza, inaelewa, inajiwasha upya.

Waliotengeneza silikoni mpya kabisa waliamua ni rahisi zaidi kuiga pini za kale kuliko kuibadilisha programu ya kila mtu.